Vipandikizi vya meno kwa waliopungukiwa mfupa wa taya la juu: maswali tunayoulizwa Nyanda za Juu Kusini

Haya ni maswali ambayo wagonjwa wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa hutuuliza tena na tena, wengine wakiwa bado kwenye kiti cha daktari wa meno, wengine kwa simu siku mbili baada ya kuambiwa "mfupa wako wa juu umeisha." Majibu hayawezi kuchukua nafasi ya uchunguzi wa kinywa chako, ila yatakusaidia uingie chumbani ukijua la kuuliza. Swali likigusa jambo lililokwisha kujibiwa, tumeandika namba ya kurejea.

## Mambo ya mwanzo

1. Kipandikizi ni nini hasa? Ni jino au ni chuma?

Ni mzizi. Kipandikizi ni skrubu ndogo ya titani inayozamishwa ndani ya mfupa wa taya, pale palipokuwa na mzizi wa jino lako. Kwa kawaida huwa na urefu wa milimita 8 hadi 13 na unene wa milimita 3.5 hadi 5. Mfupa ukishaishika skrubu hiyo, hufungwa kiungo juu yake, na juu ya kiungo ndipo linakaa jino linaloonekana.

Kazi yote inategemea neno hilo: kushika. Mwaka 1952 mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, aliweka vifaa vya titani kwenye mifupa ya sungura ili achunguze mtiririko wa damu. Alipotaka kuvitoa, havikutoka, kwa kuwa mfupa ulikuwa umekua ukagandamana navyo. Mwaka 1965 alimwekea vipandikizi mtu wa kwanza, Gösta Larsson, na vilimtumikia zaidi ya miaka 40. Larsson aliwekewa kwenye taya la chini. La juu lina mambo yake, na ndiyo sababu ya ukurasa huu.

2. Kwa nini mfupa unaisha jino likishatoka?

Mfupa unaoshika meno upo kwa ajili ya meno. Kila unapotafuna, mzizi huusukuma kidogo, na msukumo huo ndio unaoufanya uendelee kujijenga. Jino likitoka mfupa unakosa kazi, na mwili hautunzi kitu kisicho na kazi. Ndani ya mwaka mmoja wa kung'oa jino, ukingo wa mfupa unaweza kupoteza hadi nusu ya upana wake, na sehemu kubwa ya upotevu huo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Baada ya hapo unaendelea polepole kwa miaka.

Yapo pia mambo yanayoula mfupa hata kabla jino halijatoka: ugonjwa wa fizi wa muda mrefu, usaha uliokaa kwenye mzizi, au jino kung'olewa kwa nguvu hadi ukuta wa mfupa ukavunjika. Kuvaa kwa miaka meno ya bandia yanayochezacheza nako kunausaga.

Kama jino lako bado limo na umeambiwa litolewe, soma hapa mara mbili. Kabla halijang'olewa, mwambie daktari kwamba unafikiria kuweka kipandikizi baadaye. Anaweza kuitenganisha mizizi ya gego na kutoa mmoja mmoja bila kuvunja ukuta, na anaweza kulijaza tundu siku hiyohiyo ili mfupa usiporomoke sana. Dakika chache za siku hiyo zinaweza kukuepusha na upasuaji mzima unaoelezwa katika swali la 6. Wanaotufikia wakiwa wameshachelewa ni wengi mno, na wengi wao hakuna aliyewahi kuwaambia.

3. Mbona mnasema taya la juu ni gumu zaidi kutibu kuliko la chini?

Fundi yeyote wa Mafinga anajua kwamba skrubu inayoshika vizuri kwenye mninga italegea kwenye mbao ya paini ukiifunga vilevile. Mfupa wa taya la chini ni mzito kama mninga. Wa juu, hasa nyuma kwenye magego, ni mwepesi na una vitundutundu vingi. Unashika, lakini unataka ustadi na muda mrefu zaidi wa kusubiri.

Sababu ya pili ni sainasi. Juu ya magego yako ya juu, kila upande, kuna chumba cha hewa kilichounganishwa na pua. Mizizi ya magego hukaa chini tu ya sakafu ya chumba hicho, na kwa watu wengine huigusa. Magego yakitoka, mfupa hupungua kutoka chini, na wakati huohuo sainasi hutanuka ikishuka kutoka juu. Mtu aliyeng'olewa magego miaka 10 iliyopita anaweza kubaki na milimita 2 au 3 tu za mfupa kati ya ufizi na hewa, na skrubu ya milimita 10 haina pa kukaa hapo.

4. Nitajuaje nimebakiwa na mfupa kiasi gani?

Kwa picha. Eksirei ndogo ya jino moja haitoshi. Eksirei ndefu ya taya zima inaonyesha urefu wa mfupa na mahali sainasi ilipo, lakini haionyeshi upana. Picha inayomaliza ubishi ni CT ya taya, inayoonyesha mfupa kwa pande zote tatu, na daktari akapima milimita kwa milimita.

Kidole hakiwezi kujua. Ufizi mnene unaweza kufunika mfupa mwembamba kama ukingo wa sahani. Kwa hiyo daktari akikutazama kwa kioo kisha akasema mfupa hautoshi, bado hajajua. Na akikutazama kwa kioo tu kisha akasema unatosha, tuweke kesho, hapo ndipo pa kuogopa zaidi.

## Njia za kupata pa kushika

5. Niliambiwa "mfupa hautoshi." Ndiyo basi?

Mara nyingi sivyo. Kauli hiyo ina maana kwamba hautoshi kwa njia ya kawaida. Muulize daktari: umebaki milimita ngapi, kwenda juu na kwa upana? Jibu ndilo linaloonyesha njia.

Ukiwa na urefu wa milimita 8 au zaidi na upana wa kutosha, kipandikizi cha kawaida kinaweza kuingia. Ukiwa na 6 hivi, vipo vipandikizi vifupi, au sakafu ya sainasi inaweza kusukumwa juu kidogo kupitia tundu lilelile la kipandikizi. Chini ya 4 au 5, mazungumzo huwa ya kuongeza mfupa kwanza (swali la 6). Na kama taya zima la juu limekwisha, zipo njia za kulizunguka tatizo badala ya kulijaza (swali la 8).

Tatizo likiwa ni upana, kama inavyotokea sana kwenye meno ya mbele, mfupa huongezwa kwa pembeni au ukingo hupanuliwa. Hiyo ni kazi tofauti na ya sainasi, ingawa watu huzichanganya.

6. Kunyanyua sakafu ya sainasi kunafanywaje? Kunauma?

Unapigwa ganzi kama ya kung'oa jino. Ufizi unafunguliwa pembeni, juu ya mahali pa magego, na daktari anatoboa dirisha dogo kwenye ukuta wa mfupa. Ndani yake kuna utando mwembamba unaotanda sainasi. Ukitaka kuuona akilini, fikiria ile ngozi iliyo chini ya ganda la yai. Utando huo hunyanyuliwa taratibu, na nafasi iliyopatikana chini yake hujazwa chembechembe za mfupa. Kisha ufizi unashonwa.

Kama ulikuwa na milimita 4 au 5 za mfupa wako mwenyewe, kipandikizi kinaweza kuwekwa siku hiyohiyo. Pungufu ya hapo unasubiri miezi 6 hadi 9 ili mfupa ukomae. Usimlazimishe daktari afupishe. Mfupa mchanga hauoni kalenda ya harusi wala ya likizo.

Wakati wa kazi utasikia kusukumwa na mtetemo, si maumivu. Siku 3 au 4 zinazofuata shavu huvimba, na wengine hupata weusi chini ya jicho. Tatizo linalotokea zaidi ni utando kuchanika, takriban mara 1 katika 5. Mchaniko mdogo hufunikwa na kazi ikaendelea. Mkubwa unamlazimu daktari afunge, asubiri miezi kadhaa, kisha arudie. Akikuambia amesimama kwa sababu hiyo, mshukuru. Amefanya kilicho sahihi.

Njia hii si majaribio. Hilt Tatum wa Marekani aliieleza kwa madaktari wenzake katika miaka ya 1970, na leo inafanywa dunia nzima.

7. Huo mfupa wa kuongezea unatoka wapi? Mimi dini yangu hairuhusu nguruwe.

Unaweza kutoka kwako mwenyewe (nyuma ya taya la chini, kidevuni, au kwenye nyonga kama unahitajika mwingi), kwa binadamu aliyejitolea kabla ya kufa, kwa ng'ombe, au ukatengenezwa kiwandani kwa madini yanayofanana na ya mfupa. Wa ng'ombe umesafishwa hadi kubaki madini matupu. Hauna nyama wala damu. Wenye nguvu zaidi ya kuota ni wa kwako, lakini unakupa kidonda cha pili. Mara nyingi huchanganywa.

Waislamu na Wasabato wanafanya vizuri kuuliza, na waulize mapema. Chembechembe mara nyingi ni za ng'ombe, ila utando unaowekwa juu yake kuzifunika (si ule wa sainasi yako) huweza kuwa umetokana na nguruwe, na mgonjwa asipouliza huenda asiambiwe. Upo wa ng'ombe pia, na wa kutengenezwa. Sema siku ya kwanza ili kiagizwe kinachokufaa, usingoje mpaka umeshalala kwenye kiti.

8. Nimesikia kuna vipandikizi vya kulaza, na vingine vya mfupa wa shavu. Ni kweli?

Ni kweli, na ni kwa ajili ya watu waliopoteza meno yote ya juu.

Njia ya kwanza hutumia vipandikizi vinne kubeba meno yote. Viwili vya mbele husimama, na viwili vya nyuma hulazwa kwa mshazari, hata nyuzi 45, ili vipite mbele ya sainasi bila kuigusa. Njia hii ilienezwa na Paulo Maló wa Lisbon, Ureno, kuanzia miaka ya 1990. Inahitaji mfupa wa kutosha mbele, na watu wengi wanao hata kama nyuma umekwisha.

Ya pili ni ya wale ambao hata mbele hakuna. Vipandikizi virefu sana, kuanzia milimita 30 hadi zaidi ya 50, hupita kando ya sainasi na kushika kwenye mfupa wa shavu, ambao hauyeyuki meno yakitoka. Faida yake ni kwamba huhitaji kusubiri mfupa uote. Hatari yake ni kwamba njia inapita karibu na jicho na ndani ya eneo la sainasi, na mara nyingi hufanywa kwa nusu kaputi. Hii ni kazi ya daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso aliyefunzwa hasa kwa hilo. Mwingine yeyote akikuahidi, ondoka.

9. Je, ni lazima? Meno ya bandia ya kuvua hayafai?

Yanafaa, na kwa taya la juu yanafaa kuliko watu wanavyodhani. Meno kamili ya juu yakitengenezwa vizuri hunasa kwenye kaakaa kwa kunyonya, tofauti na ya chini ambayo ulimi huyarusha. Mama mmoja kutoka Rungwe alikuja akiwa ameshapanga kuuza ng'ombe wawili ili aweke vipandikizi. Tulipochunguza, tatizo lilikuwa meno aliyovaa miaka 14 bila kuyarekebisha, huku mfupa chini yake ukipungua. Alitengenezewa mengine. Anakula nyama, na ng'ombe wake bado anao.

Vipandikizi vina nafasi yake: kama mfupa umeisha kiasi kwamba meno ya kuvua hayanasi tena, kama kaakaa likifunikwa unatapika, kama pengo ni moja na hutaki meno ya jirani yakatwe kwa ajili ya daraja, yaani jino la bandia linaloshikiliwa na meno ya pembeni. Lakini kuchagua meno ya kuvua si kushindwa. Yavue usiku, yasafishe, na kila baada ya miaka michache yapeleke yajazwe upya kwa ndani.

## Mwili wako na magonjwa mengine

10. Nina kisukari. Nina presha. Inawezekana?

Kisukari kilichodhibitiwa hakizuii. Kisichodhibitiwa huchelewesha kupona na kukaribisha usaha. Tunaangalia kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3, si cha asubuhi hiyo tu. Kikiwa karibu na asilimia 7 tunaendelea. Kikipita 8 tunaomba tusubiri, uende kliniki yako kwanza.

Presha inayotibiwa si kikwazo. Meza dawa zako asubuhi ya upasuaji kama kawaida. Ukitumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, tuambie, wala usiziache kwa uamuzi wako. Watu wamepata kiharusi kwa kuacha dawa "ili damu isitoke sana."

11. Ninaishi na VVU. Nitakataliwa?

Hapana. Njombe, Iringa na Mbeya ni kati ya mikoa yenye maambukizi makubwa zaidi nchini, na tungekuwa tunajidanganya kama tungeandika ukurasa huu bila swali hili. Mtu anayemeza dawa zake vizuri na ambaye virusi vimefubazwa, vipandikizi vyake hushika kwa kiwango kinachokaribia cha watu wengine. Tunachotaka kujua ni kipimo cha karibuni cha wingi wa virusi na majina ya dawa, kwa sababu nyingine, kama tenofovir, hupunguza kidogo uzito wa mifupa. Hiyo si sababu ya kukunyima. Ni sababu ya kusubiri kidogo zaidi kabla ya kuweka meno juu.

Usifiche. Glovu na vyombo vilivyotakaswa hutumika kwa kila mtu, aliyesema na asiyesema.

12. Sigara, ugoro, pombe?

Sigara hupunguza damu kwenye ufizi, na kwa mfupa ulioongezwa hilo ni baya zaidi kuliko kwa mfupa wa asili. Wavutaji hupoteza vipandikizi zaidi. Acha wiki kadhaa kabla, na usirudi mpaka mfupa umeshika. Ukiweza kuacha kabisa, hutajuta.

Ugoro wa kunusa unataka neno lake. Baada ya sainasi kunyanyuliwa, chafya moja kali inaweza kusukuma chembechembe zote na kuchana utando. Hatumfanyii kazi hiyo mtu ambaye hajaacha ugoro.

Pombe, na ulanzi umo, iache angalau mpaka nyuzi zitolewe. Haiendani na dawa utakazopewa, na mtu aliyelewa husahau kidonda.

13. Nina miaka 74. Nimechelewa?

Umri wa juu hauna ukomo. Tunaangalia afya, si mwaka wa kuzaliwa. Ukomo upo chini. Kijana ambaye taya bado linakua, kwa kawaida chini ya miaka 18, asiwekewe, kwa sababu kipandikizi hakikui naye na jino litabaki juu huku mengine yakishuka.

## Muda, safari na fedha

14. Kazi yote inachukua muda gani? Nitasafiri mara ngapi?

Kama mfupa unaongezwa kwanza, hesabu mwaka mmoja na zaidi: uchunguzi na CT, upasuaji wa kuongeza mfupa, kutoa nyuzi baada ya siku 7 hadi 14, kusubiri miezi 6 hadi 9, kuweka kipandikizi, kusubiri tena miezi kama 4 hadi 6, kisha kuchukua vipimo na kufunga jino. Hizo ni safari sita au saba.

Tunalitaja kwa sababu huduma hizi hazipatikani kila wilaya. Anzia idara ya kinywa na meno ya hospitali ya mkoa wako au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Watakuchunguza na kukuelekeza. Ukielekezwa Dar es Salaam, kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, kutoka Iringa kama 500. Nauli, malazi na siku za kazi zinazopotea ni sehemu ya gharama. Uliza ni hatua zipi zinaweza kufanywa karibu na nyumbani. Kutoa nyuzi kunaweza. Kupiga eksirei ya kufuatilia mara nyingi kunaweza.

15. Gharama ikoje? Bima inalipa?

Bei hutofautiana mno kati ya kituo na kituo, kwa hiyo hatuandiki namba hapa. Lililo muhimu ni kujua bei uliyotajiwa ni ya nini. Wengi hutajiwa bei ya skrubu peke yake, wakadhani ni ya jino. Baadaye inakuja ya CT, ya mfupa, ya utando, ya kiungo, ya jino la juu. Omba mchanganuo wa maandishi unaoonyesha kila kimoja, pamoja na nani atalipa kipandikizi kisiposhika.

Kuhusu bima, nenda ofisi yao au piga simu kabla ya kuanza, uliza kwa jina la huduma, na ujibiwe kwa maandishi. Usitegemee neno la jirani, wala letu.

16. Nimuulize nini daktari kabla sijakubali?

Muulize kama amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Ni haki yako. Muulize amefanya kazi ya sainasi mara ngapi, na utando ukichanika atafanyaje. Muulize njia mbadala, na usikilize kama anataja meno ya kuvua. Kisha mwambie kwamba mwishoni utataka kadi au karatasi yenye jina la kampuni ya kipandikizi, urefu, unene na tarehe. Skrubu za kampuni tofauti haziingiliani. Miaka 8 ijayo jino likilegea ukiwa Makambako, daktari wa huko hataweza kukusaidia haraka bila karatasi hiyo.

## Baada ya upasuaji

17. Nile nini? Nisifanye nini?

Siku za mwanzo kula vilaini visivyo vya moto: uji, parachichi, viazi mviringo vya kuponda, ndizi zilizoiva, mchuzi uliopoa. Tafuna upande mwingine. Mahindi ya kuchoma, miwa, karanga na makande viache mpaka daktari aseme.

Kwa aliyenyanyuliwa sainasi, wiki 2 za mwanzo ni za adabu. Usipenge kamasi; futa tu. Chafya ikija, ipige mdomo ukiwa wazi. Usinywe kwa mrija, usipulize moto wa kuni wala mkaa, usibebe gunia, na ukilala inua kichwa kwa mito miwili. Yote hayo hubadili shinikizo la hewa ndani ya sainasi. Kazi ya kupuliza moto mpe mtu mwingine nyumbani, na wanaume wa nyumba hiyo wanaweza.

18. Nikifanyiwa Dar, naweza kurudi Mbeya siku hiyohiyo?

Tunashauri usirudi siku hiyo. Kwa ndege, wengi huambiwa wasubiri takriban wiki 2. Kwa basi mabadiliko ya hewa ni ya taratibu, lakini ukipanda mlima Kitonga unajua masikio yanavyoziba na kuzibuka. Sainasi nayo inasikia, na pua ikiwa imeziba inasikia zaidi. Kaa siku chache kwa ndugu, uonwe tena na daktari, ndipo upande gari.

Jambo la pili ni majira. Juni hadi Agosti huku kwetu ni baridi na mafua. Hatunyanyui sainasi ya mtu mwenye mafua au kamasi nzito. Kama unaweza kuchagua, chagua mwezi ambao huwa huumwi.

19. Dalili zipi zinanitaka nirudi haraka?

Uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya 4 badala ya kupungua. Usaha au harufu mbaya, mdomoni au puani upande mmoja. Homa. Chembechembe zinazotoka kwa pua. Damu isiyokoma ukiuma pamba nusu saa. Ganzi ya shavu au mdomo isiyoisha kesho yake. Usisubiri tarehe ya miadi.

20. Kikishashika, kinadumu muda gani?

Zaidi ya vipandikizi 90 katika 100 hufika miaka 10, na vingi huvuka hapo. Havitoboki kama meno, lakini ufizi na mfupa unaovizunguka huugua kama wa meno ya kawaida, na huugua kimyakimya. Mswaki mara mbili kwa siku, uzi au kiburashi cha katikati ya meno, na kuonwa kila miezi 6. Waliopoteza meno yao kwa ugonjwa wa fizi wawe waangalifu kuliko wote.

## Hali zisizo za kawaida

21. Tangu niling'olewa gego la juu, nikinywa maji yanatokea puani.

Kuna tundu limebaki kati ya kinywa na sainasi. Kwanza lifungwe na sainasi itibiwe kama ina usaha. Mfupa hauongezwi kwenye sainasi chafu. Baada ya miezi kadhaa, ikiwa kavu, mazungumzo ya swali la 6 yanaweza kuanza.

22. Nilianguka na bodaboda, meno mawili ya mbele yakatoka.

Mbele ya meno hayo ukuta wa mfupa mara nyingi hauzidi unene wa milimita 1, na ajali huuvunja pamoja na meno. Kipandikizi kinachowekwa bila kuujenga ukuta huo huishia kuonekana kijivu kupitia ufizi, au jino linaonekana refu kuliko jirani yake. Hapa sainasi haihusiki. Tatizo ni upana na sura. Vaa jino la kuvua kwa muda, mfupa ujengwe, usiharakishe.

Na kama jino limetoka zima leo hii, usiendelee kusoma. Lishike kwenye kichwa chake, si kwenye mzizi, liweke ndani ya maziwa, kimbia hospitali. Likirudishwa ndani ya saa moja lina nafasi ya kupona.

23. Nilitolewa "meno ya plastiki" nikiwa mtoto mchanga. Chonge yangu haikuota.

Kilichotolewa hakikuwa meno ya plastiki. Kilikuwa chanzo cha jino lako, na wakati mwingine cha jino la utu uzima chini yake. Mahali ambapo jino halikuwahi kuota, mfupa nao haukuwahi kupanuka, kwa hiyo CT itaonyesha ukingo mwembamba. Inatibika ukiwa mtu mzima, kwa kuongeza upana au kwa kusogeza meno kwa nyaya. Kama una mtoto mchanga nyumbani anayeharisha na mtu akasema ni meno ya plastiki, mpeleke zahanati akatibiwe kuharisha.

24. Nilichomwa mionzi ya saratani, au nachomwa sindano za mifupa.

Mionzi ya kichwa na shingo, na dawa za mifupa kama asidi ya zoledroniki, huufanya mfupa wa taya usipone vizuri. Ukikatwa unaweza kufa na kubaki wazi. Kwa wengine kipandikizi bado kinawezekana, kwa wengine hapana, na uamuzi ni wa daktari wako wa saratani pamoja na wa taya, wakizungumza wao kwa wao. Hata kung'oa jino tu, waambie kwanza.

25. Kipandikizi changu cha juu kinacheza. Kimekataliwa na mwili?

Tazama kwanza kinachocheza. Mara nyingi ni skrubu ndogo inayofunga jino, na hiyo hukazwa kwa dakika chache, ukiwa na karatasi iliyotajwa katika swali la 16. Kama ni kipandikizi chenyewe kinachocheza ndani ya mfupa, hakikushika au kimeachia. Mwili haukikatai kama unavyokataa figo ya mtu mwingine. Sababu huwa ni maambukizi, kubebeshwa uzito mapema, au mfupa uliokuwa bado mchanga. Hutolewa kwa urahisi, tundu likajazwa, na baada ya miezi kadhaa wengi huwekewa kingine palepale. Usikitafunie, usikitikise kwa ulimi, na njoo wiki hii.